Gari la Marehemu, Kabureta Tatu na Deni

Marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alituachia nyumba ya vyumba vinne katika mitaa ya Ngamiani mjini Tanga, masanduku matatu ya vyombo vya ufundi, gari moja aina ya Datsun 240Z lililokuwa limesimama bandani kwa miaka tisa, na daftari la jalada jeusi. Katika ukurasa wa mwisho wa daftari hilo aliandika kwa mkono wake kuwa anadaiwa shilingi 14,000,000 na rafiki yake wa ujanani, fedha alizozikopa kidogo kidogo alipokuwa akitusomesha. Rafiki huyo naye alikwisha kutangulia mbele ya haki. Aliyebaki ni mjane wake, bibi mtu mzima, ambaye hakupata kutukumbusha deni hilo hata kwa ishara.

Wasomaji wa ukurasa huu hawahitaji kuelezwa utaratibu. Kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia ikiwa upo, ndipo warithi wagawane kilichosalia. Kwa hiyo sisi watoto wanne, wa kiume wawili na wa kike wawili, hatukuwa na kitu cha kugawana kabla jina la yule bibi halijafutwa katika daftari. Nyumba anakaa mama, na hapakuwa na mmoja wetu aliyethubutu kulitaja neno la kuiuza. Likabaki gari.

Inafaa tueleze kidogo gari lenyewe ni la namna gani, kwani vijana wa leo wakiliona hudhani ni kitu cha maonyesho. Datsun 240Z lilianza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 1969 na likaendelea hadi 1973. Ni gari la watu wawili tu, boneti refu, mgongo umeinama kama wa samaki, na injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,393. Huku kwetu jina lake lilijengwa na mashindano ya Safari. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari ya Afrika Mashariki wakiwa na gari hili. Mwaka 1973 likashinda tena, safari hii akiendesha Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, pamoja na Lofty Drews, baada ya kulingana alama na Harry Källström aliyekuwa katika Datsun nyingine. Baba alizijua habari hizo kwa moyo. Alipolipata gari lake katika miaka ya themanini, kutoka kwa mtu aliyekuwa akihama nchi, alilipokea kama mtu anayekabidhiwa amana.

Kiwandani gari hilo lilitoka na kabureta mbili. Baba aliziondoa akafunga tatu, Weber 40 DCOE, zilizotoka Nairobi. Kabureta ya namna hii hulala ubavu na ina makoo mawili, kila koo kipenyo cha milimita 40. Ukiwa nazo tatu unapata makoo sita, na kila silinda hupata koo lake peke yake. Katika mpangilio wa kiwandani silinda tatu hula sahani moja; katika huu kila mmoja ana sahani yake. Injini hujibu mguu papo hapo, na sauti yake ni kitu cha kusikia mwenyewe. Lakini sahani sita zinataka mpishi hodari na mbeba maji asiyechoka, na hapo ndipo mambo yetu yalipoanza.

Mnunuzi alipatikana upesi kuliko tulivyotarajia. Alikuwa mtu wa Nairobi, mpenzi wa magari ya zamani, aliyesikia habari za gari kwa jamaa zake wa Mombasa. Alipiga simu akataja bei iliyotosha kulipa deni lote na kubakiza kitu. Sharti lake lilikuwa jepesi: akija alikute linawaka, alizungushe mjini, akiridhika alipe na kuondoka nalo kwa magurudumu yake, apite Horohoro, Mombasa, hadi Nairobi. Alisema angekuja baada ya wiki tano.

Tulianza na tangi, na hapa tunaomba msomaji mwenye gari la zamani atusikilize vizuri. Petroli iliyokaa miaka tisa haiwi petroli tena. Hugeuka gundi ya rangi ya chai yenye harufu ya rangi ya mbao, na chini yake hukaa kutu. Tangi la 240Z liko nyuma, chini ya sakafu ya buti, na huchukua lita 60. Tulilishusha, tukalimwaga, tukatia ndani mnyororo mwembamba na maji ya sabuni, tukawa tunalitikisa kwa zamu mchana kutwa kama watu wanaosuka maziwa. Lilikuwa na tundu dogo pembeni. Kijana mmoja wa uchomeleaji akaja na mtungi wake, tayari kuanza. Fundi mzee aliyekuwa akifanya kazi na baba tangu zamani alimshika mkono. Tangi lililojaa petroli huungua, alisema; tangi tupu hupasuka, kwa sababu mvuke uliochanganyika na hewa ndio baruti yenyewe. Likaoshwa tena kwa maji ya moto, likaachwa wazi juani siku tatu, kisha likajazwa maji karibu yote, pakaachwa pale penye tundu tu, ndipo likachomelewa. Mama naye alipitisha amri yake: muda wote kazi ikiendelea, jiko la mkaa lisiwashwe uani, na wajukuu wasikanyage bandani. Ndoo mbili za mchanga na chupa ya kuzimia moto zilikaa mlangoni. Amri hiyo haikulegezwa hata siku ya pilau.

Mipira yote ya mafuta tuliitupa. Kwa nje ilikuwa bado myeusi na imara, lakini ukiukata ule wa karibu na injini, ndani unakatika vipande kama ugali uliolala, na vipande hivyo ndivyo huenda kuziba vijitundu vya kabureta vyenye upana wa uzi. Pampu ya kiwandani, inayosukumwa na injini yenyewe, ilikuwa imechoka. Fundi mzee alishauri pampu ya umeme, ikapatikana ya Facet, ikafungwa nyuma chini karibu na tangi. Huko ndiko mahali pake, kwa kuwa pampu ya aina hii husukuma vizuri lakini huvuta kwa shida.

Ilipowashwa mara ya kwanza, petroli ilianza kuchuruzika kutoka katika kabureta ya katikati. Katika injini hii ekzosi na kabureta ziko upande mmoja, kabureta juu, ekzosi chini yake. Tone likidondoka, linadondokea chuma chekundu. Injini ilizimwa kabla haijapata joto, na sote tukatoka nje.

Sababu yake si ngumu kueleweka. Ndani ya kila kabureta kuna kibakuli cha mafuta, na ndani ya kibakuli kuna kielea. Mafuta yakipanda, kielea hupanda na kusukuma sindano inayofunga mlango. Lakini sindano ile haina nguvu ya kushindana na kila pampu. Kabureta za Weber hutaka msukumo wa pauni 3 hivi kwa inchi ya mraba, na ikizidi sana tatu na nusu ni balaa. Matairi ya gari dogo huwa tunayajaza upepo wa 30. Basi hii ni sehemu moja ya kumi ya hapo. Ile pampu ilikuwa inatoa zaidi ya 6. Tukafunga kidhibiti cha msukumo pamoja na saa ya kupimia, tukashusha hadi 3, mchuruziko ukakatika.

Kaka yetu, ambaye ni fundi umeme, hakuridhika na hilo peke yake. Pampu ya kiwandani ina jambo moja jema: injini ikizimika, nayo husimama. Pampu ya umeme haijui kitu. Gari likipinduka, mpira ukakatika, injini ikazima, yenyewe itaendelea kusukuma petroli nje mradi swichi iko wazi. Kwa hiyo aliunga waya wa pampu kupitia relei inayotegemea msukumo wa oili ya injini. Oili isipokuwa na msukumo, yaani injini isipozunguka, pampu hukatiwa umeme. Wakati wa kuwasha hupewa umeme na waya wa stata. Vitu hivyo havikufika hata shilingi elfu arobaini, na tunaona ajabu kwamba magari mengi yaliyobadilishwa pampu mitaani kwetu hayana.

Baada ya hapo gari liliwaka vizuri. Lilizunguka Ngamiani, likaenda Raskazone likarudi, watoto wakilikimbilia na wazee wakisimama vibarazani. Kwa sharti la mnunuzi, kazi ilikuwa imekwisha. Zilibaki wiki mbili.

Lakini kaka yetu mdogo alilipeleka barabara ya Muheza, na katika mwinuko mrefu alipokanyaga hadi chini, gari lilikwenda kama mshale kwa muda wa nusu dakika, kisha likakosa pumzi. Likakohoa, likapiga mshindo mmoja ndani ya kabureta, likapungua nguvu. Alipoachia mguu lilirejea hali yake. Alirudia mara tatu na likafanya vile vile mara zote.

Jioni ile tulikaa kikao, na hatutaficha kuwa hakikuwa kikao cha maneno matamu. Baba mdogo alikuwepo. Kwa hoja yake, mnunuzi ametaka gari linalowaka na kuzunguka mjini, na hilo analipata. Ni mtu mzima mwenye fedha zake na mafundi wake. Na marehemu yuko kaburini na deni, je, tunamcheleweshea nini? Kaka mdogo alikuwa na ada za wanawe mlangoni na alielekea upande huo. Baba mdogo alikumbusha pia kwamba marehemu mwenyewe alikuwa akisema gari hili halipendi mlima, na alilitumia hivyo hivyo kwa miaka mingi. Ni kweli, hilo tulilisikia tangu utotoni. Tulikwenda naye Pangani, tulikwenda Muheza, lakini Lushoto tulikwenda kwa basi.

Dada yetu mkubwa, mwalimu wa fizikia, alimsikiliza baba mdogo hadi mwisho kama ilivyo adabu. Kisha akauliza swali moja: Kutoka Mombasa kwenda Nairobi, mtu anapanda kiasi gani? Anaanza usawa wa bahari, anafika karibu mita 1,800. Injini inayokosa petroli huku imekanyagwa haipungui nguvu tu. Mafuta yakiwa machache na hewa nyingi, moto wa ndani huwa mkali kupita kiasi, na pistoni huweza kutoboka. Mtu yule atasimama porini, usiku pengine, na gari aliloliamini kwa neno letu. Na fedha zake ndizo tutakazompelekea mjane tukasema tumelipa deni la baba.

Mama hakuwa amesema lolote. Aliinuka kwenda kutia udhu, na alipofika mlangoni akasema, “Litazameni hilo gari, wanangu. Bado wiki mbili.”

Asubuhi yake mashauri yalikuwa mengi kama kawaida ya gereji. Mmoja alisema jeti ni ndogo, zibadilishwe. Mwingine alisema pampu iongezwe msukumo. Hapa ndipo watu wengi hupotea, nasi tunaona inafaa kulieleza jambo hili kwa kirefu kwa kuwa linatenganisha vitu viwili vinavyofananishwa kila siku. Msukumo si wingi. Bomba la mtaani linaweza kuwa na msukumo mkubwa ukiliziba kwa kidole, na bado ndoo ichukue robo saa kujaa. Saa yetu ya kupimia ilikuwa inasoma 3, na kila aliyeitazama aliona mambo ni sawa. Lakini saa ile inaeleza jinsi petroli inavyosukuma ukuta wa bomba. Haielezi ni lita ngapi zinapita.

Dada alichukua kalamu. Injini kama hii, ikiwa na kabureta tatu, tuseme inatoa nguvu ya farasi 170. Kwa kanuni ya mafundi, kila nguvu ya farasi moja, injini ikikanyagwa hadi mwisho, hula karibu robo kilo ya petroli kwa saa, au pungufu kidogo. Hesabu yake ilitoka kilo 38 na ushei, ambazo ni kama lita 52 kwa saa, yaani chini kidogo ya lita moja kwa dakika. Kila kabureta basi inahitaji theluthi ya hiyo, takriban mililita 290 kwa dakika. Vibakuli vikiwa vimejaa, injini itakwenda vizuri sana kwa muda mfupi hata kama mafuta yanayoingia hayatoshi, kwa kuwa inakula akiba. Akiba ikiisha, inakohoa. Nusu dakika ya kaka mdogo ikapata maelezo yake.

Kwa hiyo hatukugusa jeti hata moja. Tulipima. Mpira unaoingia kwenye kabureta uliondolewa, ukaelekezwa kwenye chupa yenye alama, nje uani, mbali na chochote chenye joto, pampu ikaendeshwa kwa betri dakika moja kwa saa ya mkononi. Ilitoka lita moja na zaidi kidogo. Ilitosha. Tukapima tena, ikapungua. Mara ya tatu ikapungua zaidi, mara ya nne ikatoka kama lita 0.6 tu. Fundi mzee alikwenda nyuma ya gari kimya kimya, akafungua kifuniko cha tangi. Pakatoka sauti ya kuvuta hewa, kama mtu aliyezamia majini akiibuka.

Tangi lilikuwa halipumui. Petroli ikitolewa, hewa lazima iingie mahali pake. Isipoingia, tangi huanza kuivuta petroli irudi, na pampu huchoka kugombana nalo. Katika 240Z kuna mipira inayotoka juu ya tangi kwenda kwenye kitangi kidogo cha mvuke kilichofichwa ubavuni nyuma, na mipira hiyo ikizeeka hupasuka na kujaza gari harufu ya petroli. Mtu fulani zamani, kwa kuikimbia harufu, alikuwa ameiziba kwa vizibo vya mbao. Tukavitoa, tukaweka mipira mipya, na chupa ikawa inajaa lita moja na ushei kila tulipopima.

Gari likarudishwa barabara ya Muheza. Lilikuwa na nafuu, lakini halikupona. Sasa lilichukua muda mrefu zaidi kukohoa, na kukohoa kwenyewe kulikuwa kwa upande mmoja, kama mtu mwenye pafu moja. Tulizima pale pale barabarani tukafungua plagi. Nne za mbele zilikuwa na rangi ya hudhurungi nzuri. Za tano na sita zilikuwa nyeupe kama chokaa.

Silinda ya tano na ya sita hulishwa na kabureta ya tatu. Safari hii dada alitaka chupa tatu, kila tundu la kabureta na chupa yake, kwa dakika moja. Ya mbele ilipata mililita 480. Ya kati 400. Ya nyuma 190.

Bomba la kugawia lilikuwa la shaba, la kutengenezwa kwa mkono. Petroli iliingia mwisho wa mbele na kupita kabureta moja baada ya nyingine hadi ya tatu. Tulilikata kwa msumeno pale kwenye kiungo cha mwisho. Aliyelichomelea, nani hatujui, aliiacha risasi ikamiminika ndani, ikaziba zaidi ya nusu ya tundu, ikaganda kama tone la nta. Ilikuwa imekaa pale miaka thelathini na zaidi. Fundi mzee alilishika lile tone kwenye kiganja, akaligeuza geuza, akasema tu kwamba marehemu alikuwa akilisingizia gari.

Bomba jipya tulilitengeneza nene zaidi, na hatukuliingiza petroli kwa mbele. Linaingia katikati, likagawanyika huku na huku, na mwisho wake mmoja una tundu jembamba linalorudisha petroli ya ziada tangini kwa bomba la kurudishia ambalo gari lilikuwa nalo tangu kiwandani. Faida ya marejeo hayo ni kubwa katika joto letu la pwani: petroli inayozunguka haipati muda wa kuchemka juu ya ekzosi, na mvuke ukitokea hurudi zake tangini badala ya kwenda kwenye kabureta. Chini ya kabureta tulirudisha bamba la kuzuia joto lililokuwa limetupwa kwenye sanduku la pili. Chupa tatu zilipopimwa tena zilipishana kwa kiasi cha kijiko.

Ndipo tukaingia kwenye kabureta zenyewe, na kazi hii tulimwachia fundi mzee, sisi tukishika taa. Alipima vielea kwa mti wa keke ya kutobolea chuma, ule wa milimita 8.5, kwa sababu kielea cha shaba cha Weber hii kinatakiwa kiwe umbali huo kutoka kwenye gasketi ya kifuniko pale sindano inapofunga. Kikiwa juu zaidi petroli humwagika kwenye kona, kikiwa chini injini hushikwa na njaa. Alikagua pia zile washa za springi mbili mbili zinazoshikilia kabureta. Watu huzikaza hadi mwisho wakidhani ni ulegevu. Hapana, zimewekwa ili kabureta icheze kidogo juu ya mipira yake, kwani ikishikana na injini kabisa mtikisiko huifanya petroli kibakulini itoe povu, na povu si chakula cha injini.

Mwisho alizilinganisha kabureta kwa sikio. Alichukua kipande cha mpira, ncha moja sikioni, ncha nyingine kwenye koo la kabureta, akasikiliza mlio wa hewa, akageuza skrubu, akahamia koo jingine, akarudi. Vipo vyombo vya kupimia hewa siku hizi na ni vizuri zaidi, hasa kwa asiye na sikio la kazi. Yeye alichukua muda mrefu kuliko wote tulivyovumilia. Alipomaliza, injini ilikuwa inaunguruma polepole bila mguu, sauti moja tu, haina mawimbi. Mama alikuwa jikoni. Alitoka akasimama mlangoni na mwiko mkononi. Hakusema neno, nasi hatukumwuliza.

Siku ya Jumamosi tulikwenda Lushoto. Walikwenda wawili katika Datsun, dada mkubwa na kaka fundi umeme, nasi wengine tukafuata kwa gari la kuazima. Tulisali adhuhuri Mombo, kisha tukaanza kupanda. Barabara ile ni ya kona juu ya kona, mlima upande huu na bonde upande ule, kilomita 30 na ushei. Hawakukohoa hata mara moja. Lakini karibu na mji tuliokuwa nyuma tuliona moshi mweusi mwembamba kila walipokanyaga. Hilo halikuwa kosa la ugavi wa petroli. Juu kule hewa ni nyepesi, nazo jeti zilipangwa kwa hewa nzito ya Tanga. Petroli ni ile ile, hewa imepungua. Tuliteremka wote salama, plagi zote sita zikiwa na rangi moja.

Mnunuzi alipokuja, tulimkalisha barazani kwanza, akapewa chai na mahamri, kisha kaka mkubwa akamsomea karatasi tuliyoiandika kabla hajaligusa gari: tangi limechomelewa mahali fulani; vizibo vilikuwepo, vimeondolewa; bomba la zamani ni hili hapa, limekatwa, tazama; silinda ya tano na ya sita zimefanya kazi kwa miaka na petroli pungufu, hatukufungua injini, kwa hiyo hali ya pistoni zake hatuidhamini; na huko Nairobi litatoa moshi hadi jeti zipunguzwe. Alinyamaza kidogo. Akaomba plagi, akaomba kipimo cha mgandamizo, akapima silinda zote sita mwenyewe. Ya sita ilikuwa chini kidogo ya wenzake. Akapunguza shilingi 1,500,000 katika bei yake, akalipa. Baba mdogo alitutazama kwa jicho ambalo kila mwenye baba mdogo analijua.

Kijisanduku cha jeti za marehemu tulimpa bila bei.

Deni lililipwa siku ile ile kabla ya alasiri. Bibi mwenyewe alipokea, mwanawe akahesabu, na watu wazima wawili wa mtaa wakatia saini katika daftari jeusi chini ya mwandiko wa baba. Bibi aliuliza gari limekwenda wapi, akaambiwa Nairobi. Akauliza limeweza kupanda? Akaambiwa limeweza. Kilichosalia kiligawanywa na shehe wiki iliyofuata. Mama alipata thumni yake, sisi tukapata mafungu yetu kama yalivyopangwa, na fungu la kaka mdogo lilikwenda moja kwa moja shuleni kwa wanawe.

Mnunuzi alipiga simu baada ya mwezi. Alizitoa jeti za 130, akatia za 125 alizozikuta katika kijisanduku, na moshi umekwisha. Alikuwa anaulizia kama tunayo gasketi ya kifuniko cha kabureta ya tatu, kwani huko ameikosa. Zilikuwepo mbili katika sanduku la baba. Tulimpelekea zote kwa basi.